Mkono kwa mkono: juma letu la kwanza na watoto wa maternele

Wamama wapendwa, mlituomba tuwaeleze namna mwaka wa masomo ulivyoanza upande wetu, sisi wawili tunaowapokea watoto wa miaka mitatu, minne na mitano hapa Cimpunda. Wengi wenu mnatuonea huruma mkikutana nasi njiani saa sita, vitambaa vya kichwa vimelegea na nguo zina uji. Hamjakosea. Lakini juma hili la kwanza lilikuwa na jambo ambalo tunataka mlisikie kwetu wenyewe, kabla halijawafikia kwenye robine likiwa limetiwa chumvi. Siku ya Alhamisi mtoto mmoja alitupotea, karibu saa mbili nzima. Alipatikana mzima. Tutafika huko, lakini tuanze na mwanzo, kwa sababu hata kupotea kwake kulianza mapema kuliko Alhamisi.

Kwetu mwaka hauanzi Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Unaanza Agosti, tunapopita kwa maseremala kuomba vipande vya mbao, na kwa wenye vilabu kuomba vifuniko vya chupa. Vifuniko hivyo ndivyo hesabu yetu. Mtoto anavipanga vitano vitano, anavitenga vyekundu na vyeupe, anavijaza kwenye kopo na kuvimwaga, na kelele yake tumeshaizoea. Tunakusanya pia mbegu za maharagi, mabua, na vitambaa vinavyobaki kwa washonaji. Msidhani ni umaskini wetu peke yetu. Kule Mombasa, miaka ya 1980, mwalimu anayejulikana kwa jina la Bi Swafiya Said alipoanza kuzisaidia madrasa kuwa na shule za watoto wadogo, aliwachukua akina mama wa mtaa akawafundisha ualimu, na vifaa vyao vilitengenezwa kwa vitu vya pale pale nyumbani. Kazi hiyo ilienda hadi Zanzibar na Uganda. Sisi tuna vifuniko vya chupa, na tunavitunza.

Jumatatu tulikuwa na majina 31 kwenye kitabu. Walifika watoto 19. Wengine wazazi wao walikuwa bado wanatafuta pesa, na kuna waliongoja kuona kama wa jirani atarudi nyumbani salama kwanza. Siku ya Ijumaa tulihesabu 33, maana wawili waliletwa bila kuandikishwa, na mmoja wao alikuja mwenyewe nyuma ya dada yake mkubwa akakaa kwenye mkeka kama mwenye haki.

Kilio cha siku ya kwanza mnakijua. Kinawaka kama moto wa nyumba za mbao: mmoja anaanza pembeni, na kabla hujamfikia kimeshashika safu nzima. Mwaka huu aliyewasha ni kijana mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuja akicheka. Alicheka mpaka alipogeuka na kuona mlango mtupu. Mama yake alikuwa ametoroka wakati mtoto anatazama mpira.

Wamama, hapa tuseme waziwazi, na hatumlengi mmoja. Msitoroke. Tunajua mnaambiwa ni njia nyepesi, na kwa siku hiyo moja ni nyepesi kweli. Lakini mtoto aliyedanganywa Jumatatu, Jumanne haachi kikwembe chako hata umwonyeshe mipira kumi. Amejifunza kwamba akigeuza macho, mama anapotea. Mwambie ukweli mbele yetu: ninaenda sokoni, nitarudi baada ya uji. Saa tano na nusu haijui, lakini uji anaujua. Atalia, ndiyo. Atalia akijua anachokingoja, na kilio cha namna hiyo hakidumu. Halafu ondoka. Usisimame nyuma ya ua kuchungulia, kwa sababu kitambaa chako cha kichwa kinaonekana, na kila mara kinapoonekana sisi tunaanza upya. Siku ya Jumatatu tulikuwa na vitambaa vinne nyuma ya ua, na kimoja kilikuwa kofia ya baba.

Na kile kitisho cha «ukilia, madamu atakuchapa», tunaomba kiishe. Mnatuachia mtoto, na wakati huo huo mnamwambia sisi ni watu wa kuogopwa. Mama mmoja alifanya kinyume. Alikata kipande cha kikwembe chake cha zamani, akakifunga kwenye mkono wa mtoto, akasema: hiki ni changu, unitunzie. Yule mtoto alikishika siku tatu. Siku ya nne alimvalisha mdoli.

Wanaolia hawatutishi. Tunaowaangalia zaidi ni wanaonyamaza. Tunaye mmoja wa miaka mitano, aliyefika Cimpunda mwezi wa saba pamoja na koko yake, wamekimbia vita upande wa Kalehe. Alikaa siku mbili bila neno, mikono magotini, anafuata kila kitu kwa macho. Tukadhani ni huzuni tu. Jumanne alijikojolea, na ndipo tulipofahamu: huyu mtoto anasema Kihavu, na Kiswahili chetu cha Bukavu, cha haraka hiki, kinampita juu ya kichwa. Hakujua aseme nini, wala amwambie nani. Mmoja wetu ni Mshi, na Mashi na Kihavu ni ndugu. Alimwinamia akamsemesha polepole. Mtoto alimtazama mdomo kwa muda mrefu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika umati. Siku iliyofuata alitusimulia habari ya mbuzi, ndefu, tukaelewa nusu.

Kwa hiyo tunawaomba, hata wenye watoto wanaosema Kiswahili tangu kuzaliwa: mtuambie mtoto anaitaje haja zake nyumbani. Kila nyumba ina neno lake, na mtoto wa miaka mitatu anaamini ni neno la dunia nzima. Na mmvalishe suruali anayoweza kuishusha mwenyewe. Ile mikanda mizuri ya siku ya ubatizo iachwe nyumbani. Sisi tuko wawili, na mkanda mmoja unaweza kutuchukua muda ambao mtoto hana.

Jumatano ilikuwa siku ya pesa. Kila mwaka inakuja, na kila mwaka tunapata shida kuizungumza, kwa kuwa mishahara yetu inatoka humo. Mama mmoja alisimama mlangoni na mtoto wake wa miaka minne na nusu akatuuliza bila hasira: «Madamu, nilipe minervali ya nini? Si nimngoje kidogo, nimtie kwenye shule ya msingi, ni bure?»

Ana haki ya kuuliza. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Watu walingoja miaka mingi, na mnamo Septemba 2019 ndipo ilipoanza kutekelezwa. Sisi tulifurahi kama nyinyi. Tunao wadogo zetu na watoto wa kaka zetu waliorudi shuleni mwaka ule baada ya kufukuzwa miaka kwa sababu ya pesa. Lakini maternele haikuingia katika ubure huo, na tangu hapo tunaona watoto wa miaka mitano, wengine hata wa minne wenye miili mikubwa, wakisogezwa moja kwa moja kwenye mwaka wa kwanza, ambao umri wake ni miaka 6. Madarasa yale yalijaa. Mwalimu wa mwaka wa kwanza hana mkono wa kumshika kila mmoja kalamu. Mtoto ambaye hajawahi kukaa mbali na mama, hajawahi kungoja zamu yake, hajui kuuliza njia ya choo, anapotelea mle ndani akiwa amekaa kwenye benchi. Mwisho wa mwaka wanasema hana akili. Tumewapokea wawili wa namna hiyo, waliorudishwa kwetu. Walikuwa na akili nyingi sana. Kilichowakosa ni mwaka mmoja wa vifuniko vya chupa.

Hatukumwambia mama yule yote hayo kwa mara moja. Angetuona tunatafuta wateja. Tulimwambia amwache mtoto siku ile abaki, anywe uji wa masoso na wenzake, na mama aende kuzungumza na mkurugenzi, anayekubali minervali ilipwe kwa vipande vitatu. Na tulimuuliza kama yumo katika MUSO. Yumo. Wengi wenu mmo. Kisanduku kijani ni cha akiba na mikopo, na tunashangaa kila mwaka kwamba mkopo unachukuliwa kwa ajili ya mzigo wa nyanya au ndoo ya sambaza, ila kwa maternele mtu anaona haya. Lakini mkopo unalipwa, na nyanya inazaa pesa wakati mtoto hazai pesa juma lile, hilo tunalifahamu. Kuna kikundi kimoja hapa juu kilichoamua kwamba kila Juni, kabla ya mapumziko, wanachama wenye mtoto wa miaka mitatu wanaanza kuweka franga kidogo kidogo pembeni, zisiguswe mpaka Septemba. Hao hawakuja Jumatano kutuuliza. Walikuja Jumatatu.

Na kama haiwezekani kabisa, kwa sababu nyumba nyingine haiwezekani kweli, mtoto asingoje bure. Ahesabu maharagi unapochagua mawe. Akutajie nani amekula na nani bado. Mpe kijiti achore mavumbini, na jioni mhadithie, kisha umwache naye akuhadithie, hata akikosea.

Zamani, mwaka 1907, daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Haukuwa mtaa wa matajiri. Wazazi walitoka alfajiri kwenda kazini, watoto wakabaki peke yao katika majengo wakikimbia ngazini na kuchafua kuta, na wenye majengo ndio waliotaka mtu wa kuwakusanya. Tunapenda kuikumbuka habari hiyo tukitazama Cimpunda yetu asubuhi, nyumba zilivyobanana mlimani na wamama wanavyoteremka na mizigo kuelekea soko la Kadutu kabla jua halijatoka. Kazi yetu ilizaliwa mahali panapofanana na hapa.

Sasa Alhamisi.

Mvua ya Septemba mnaijua, haibishi hodi. Saa tano ilikuwa imeshatanda, na saa tano na nusu, wakati wa kutoka, ilikuwa inapiga mabati hata hatukusikiana. Siku nyingine watoto wanatoka mmoja mmoja. Siku hiyo mlango wetu ulijaa watu waliolowa: wamama wenye miavuli, wenye bashi kichwani, kaka na dada waliotoka shule ya msingi, wote wakitaka kuwahi kabla njia haijaharibika. Mmoja wetu alikuwa ndani akiwavalisha viatu. Mwingine alikuwa mlangoni akiwatoa. Msichana mmoja wa miaka kama kumi, mwenye sare ya buluu na nyeupe, alisema: «Madamu, nimetumwa nimchukue huyu.» Alimshika mkono mtoto wa miaka minne, na mtoto alimfuata bila kukataa. Tuliwaona wakiinama chini ya bashi moja. Hatukuuliza jina.

Dakika ishirini baadaye kaka yake halisi alifika. Alichelewa kwa sababu ya mvua. Akauliza dada yake yuko wapi.

Hatuwezi kuwaeleza vizuri jinsi tumbo linavyofanya wakati huo. Mmoja wetu alibaki na watoto sita waliokuwa bado, mwingine akatoka na kaka yule. Nyumba yao iko chini, na njia inapita kando ya mtaro mkubwa, ule ambao maji yake yakijaa yanabeba mawe. Ulikuwa umejaa. Tulianza kutazama mtaroni kabla ya kuuliza kwenye nyumba, na hatukuambiana kwa nini. Kijana wa miaka tisa alikuwa anatazama huko huko, naye alikuwa anajua kwa nini.

Nyumbani hakuwepo. Kwa majirani hakuwepo. Mama yake alikuwa ameshapata habari sokoni, hatujui kwa mdomo wa nani, akaja anapanda ule mlima bila viatu, mzigo ameuacha. Tulikutana naye njiani. Hakutupigia kelele. Laiti angepiga kelele. Alisimama mvuani akauliza: «Madamu, mtoto wangu ulimpa nani?»

Hatukuwa na jibu. Siyo kwamba tulisahau, hatukuwahi kulijua.

Ilikuwa inakaribia saa saba na nusu kijana mwenye moto alipotuletea neno. Mama mmoja anayeuza unga, aveni ya pili kutoka hapo, ameweka mtoto. Tulimkuta mtoto amekaa juu ya gunia, amefungwa kikwembe kikavu, anakula ugali kwa sombe. Yule msichana mkubwa hakuwa mwizi wa watoto. Anaishi jirani nao, alimwona mdogo anangoja, akadhani anasaidia, na neno «nimetumwa» alilisema kwa sababu alijua bila hilo hatutamwachia. Njiani mvua ilizidi, akaogopa mtaro, akamwacha mtoto kwa mama wa unga akakimbia kwao. Baadaye aliogopa kusema. Mama wa unga hakumjua mtoto, lakini alimkausha, akamlisha, akauliza kila aliyepita, na hakumwachia yeyote aliyesema «namjua» pasipo mtoto mwenyewe kumtambua. Alifanya kazi yetu vizuri kuliko sisi.

Ijumaa tuliita wazazi. Walikuja wengi, na mama wa mtoto alikuja pia. Tulisimama mbele yao tukasema kosa ni letu, tukaeleza kama tulivyowaeleza nyinyi. Tulikuwa tumekuja na sheria tayari: kuanzia sasa mtoto anachukuliwa na mtu mzima peke yake. Tulidhani itapokelewa kwa makofi.

Mama mmoja aliinuka. «Mimi ninatoka saa kumi na moja alfajiri. Nabeba mizigo sokoni, narudi saa kumi na mbili. Baba yao hayupo. Mkikataza watoto wakubwa, basi wangu hatasoma. Mseme tu hivyo.» Wengine wakaitikia kwa sauti ya chini. Sheria yetu ingewalinda watoto wa wenye nafasi, na wengine wangebaki nyumbani na mlango umefungwa kwa nje. Tulikaa kimya. Tuseme ukweli, mmoja wetu alilia kidogo.

Walioitatua ni nyinyi, siyo sisi. Wamama wa upande wa juu walianza kuhesabiana kwa njia: nani anapita kwa nani, nani anauza nyumbani na kwa hiyo saa tano na nusu yupo. Wakapatana kwamba kila njia iwe na mama wawili wa zamu, wanaoteremka na watoto wote wa njia hiyo, na siku ya mvua kubwa hawateremki; wanangoja na sisi darasani mpaka maji ya mtaro yapungue. Mama wa unga, ambaye hana hata mtoto kwetu, aliingizwa kwenye zamu kwa kelele na kicheko. Kaka na dada wakubwa wataendelea kuja, lakini kwa majina yaliyoandikwa, na tunataka kuwaona sura mbele ya mzazi kwanza. Sisi tumechukua upande wetu: mmoja hakai mlangoni peke yake tena, na watoto hawatoki kwa makundi hata mabati yakipiga namna gani. Anayewahi atatusamehe.

Tuna daftari jipya. Kila mtoto ana mstari wake: jina, neno analoliita choo, na majina mawili ya wanaoweza kumchukua. Jumatatu hii yule mtoto wa miaka minne aliletwa na mama yake mwenyewe, aliyechelewa sokoni kwa ajili hiyo. Alifika mlangoni, akautoa mkono wa mtoto mkononi mwake akauweka katika wetu, akasema: «Nakupatia huyu.» Tukamjibu: «Tumempokea.» Waliokuwa nyuma yake wakafanya vile vile, mmoja mmoja, na tulichelewa kuanza kwa nusu saa.

Watoto 11 bado hawana jina la pili kwenye daftari. Wazazi wao wanajijua. Mje nalo Jumatatu asubuhi, na huyo mtu mje naye.